Mary Ford: Binti wa mchungaji aliyeimba kwaya nzima peke yake

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo tuongee muziki, maana siku hizi ukitoka Bomang'ombe ukapanda mpaka Masama juu, kila kona kuna kijana ana studio. Chumba kimoja, godoro limesimamishwa ukutani, trei za mayai zimebandikwa, laptopu moja, spika mbili na maiki iliyovishwa soksi. Na ngoma zinatoka humo humo, zinapigwa kwenye bodaboda na kwenye maharusi. Si mchezo.

Sasa swali. Ukishaingiza vokali ya kwanza, ukafungua traki ya pili ukajiitikia mwenyewe, halafu ya tatu, halafu ya nne, unajua ni kina nani walioupa umaarufu huo mtindo, tena wakiufanyia nyumbani kwao? Wapiga gitaa watawahi kujibu: Les Paul. Jina lake si lipo kwenye magitaa ya Gibson? Sawa, hamjakosea. Lakini Les Paul alikuwa fundi na mpiga gitaa. Ile sauti iliyopandana mara nyingi mpaka dunia nzima ikashangaa haikuwa yake, ilikuwa ya mke wake, Mary Ford. Huyu mama alifariki mwaka 1977, na leo hii maelfu wanatumia mbinu aliyoivujia jasho bila hata kulijua jina lake. Ngoja tumfahamu.

MTOTO WA KANISANI

Jina lake la kuzaliwa ni Iris Colleen Summers. Alizaliwa Julai 7, 1924, huko El Monte, jimbo la California, Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Wanazareti, na familia nzima ilikuwa ya waimbaji wa nyimbo za injili. Yaani kama familia zile za huku kwetu ambazo baba yuko kwaya, mama yuko kwaya, watoto wakikaa mezani tu tayari kuna soprano, alto, tena na besi. Colleen alikulia humo. Alijua kuimba sauti ya pili kabla hajajua maisha, na gitaa alilipiga vizuri sana. Hili la gitaa lishikeni, kwa sababu watu wengi wanadhani alikuwa mwimbaji tu.

Kwenye miaka ya vita vya pili vya dunia akaingia kwenye muziki wa redio. Alikuwa kwenye kundi la wasichana watatu lililoitwa Sunshine Girls, wakiitikia nyuma ya mwimbaji wa nyimbo za kikantri aliyeitwa Jimmy Wakely. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa dada wa viitikio. Kazi ya kusimama nyuma, kusikiliza wenzako na kuhakikisha sauti yako inakaa pale pale inapotakiwa. Hakuna shule nzuri ya kurekodi kuliko hiyo.

Ni huko huko California, mwaka 1945 au 1946 hivi, ndipo alipokutana na Les Paul.

JAMAA NA GEREJI YAKE

Les Paul alizaliwa 1915 Waukesha, jimbo la Wisconsin. Alikuwa ni wale watu ambao ukimnunulia redio anaifungua kwanza ndipo anaisikiliza. Hapo Hollywood alikuwa ameigeuza gereji ya nyumbani kwake kuwa studio. Mashine ya kukatia santuri aliiunda mwenyewe, na gurudumu lake zito la kuzungushia sahani lilitokana na kipuri cha gari la Cadillac. Mafundi wa gereji za Moshi wangemwelewa haraka sana huyu.

Kabla ya tepu, kurekodi kulifanyika moja kwa moja kwenye sahani. Bendi inasimama, inapiga, sindano inachora. Ukikosea, sahani inatupwa. Les akaja na ujanja wake: anapiga gitaa la kwanza kwenye sahani namba moja. Halafu anaicheza hiyo sahani huku anapiga gitaa la pili, na vyote viwili vinaingia kwenye sahani namba mbili. Kisha namba mbili inachezwa, anaongeza la tatu, na kuendelea. Magitaa mengine aliyarekodi kwa mwendo wa nusu, akiyacheza kwa mwendo wa kawaida yanasikika membamba na ya kasi ajabu. Mwaka 1948 kampuni ya Capitol ikatoa wimbo wake unaoitwa Lover, magitaa manane, mpigaji mmoja. Watu wakachanganyikiwa.

Lakini angalia: hapo ni magitaa matupu. Ulikuwa muujiza wa fundi. Bado hakukuwa na sauti ya mtu ya kumfanya mama wa nyumbani aliyeko jikoni aache sufuria asikilize.

JINA JIPYA, AJALI MBAYA

Les ndiye aliyembadilisha jina. Alitaka jina fupi linalolingana na lake, akalitafuta kwenye kitabu cha namba za simu, likapatikana Mary Ford. Ndiyo hivyo, dada aliingia kwenye historia kwa jina la kuokota. Sijui ninyi mnaonaje, lakini mimi naona jambo hilo linasema kitu kuhusu mambo yaliyokuja baadaye.

Januari 1948 wakiwa safarini, gari lao likateleza kwenye barafu huko Oklahoma likatumbukia bondeni. Mary ndiye alikuwa kwenye usukani. Mkono wa kulia wa Les ukasagika kwenye kiwiko. Madaktari walipoona kiwiko hakitakunja tena, waliufunga mkono ukiwa umepinda kwenye pembe ya kushikia gitaa, ili akipona aweze kuendelea na kazi. Ilimchukua zaidi ya mwaka kurudi vizuri. Desemba 29, 1949, wakafunga ndoa Milwaukee, baada ya ndoa ya kwanza ya Les kuvunjika.

CHAI YA MAZIWA

Mwaka huo huo wa 1949 mwimbaji maarufu Bing Crosby alimletea Les zawadi: mashine mpya ya tepu ya Ampex. Tepu ilikuwa kitu kigeni kabisa, teknolojia iliyotoka Ujerumani baada ya vita. Les akaitazama, akaagiza hedi moja ya ziada. Wale waliowahi kufungua redio kaseti wanaijua hedi, kile kidude kinachogusana na utepe. Hedi ya ziada aliiweka mahali ambapo ingesoma sauti ya zamani kabla haijafutwa, sauti hiyo ikachanganywa na mpya inayoimbwa muda huo huo, na zote zikarudi kwenye utepe ule ule.

Hapa ndipo penye moyo wa habari yetu, kwa hiyo twende taratibu. Kwenye laptopu yako leo, kila traki inakaa peke yake. Ukikosea traki ya saba, unafuta ya saba tu, sita za mwanzo zipo salama. Kwenye mashine ile haikuwa hivyo. Ilikuwa kama chai ya maziwa: ukishamimina maziwa, huwezi kuyatoa tena. Kila Mary alipoongeza sauti, tepu ya awali ilifutwa na mahali pake pakakaa mchanganyiko mpya. Akikohoa kwenye sauti ya kumi, zote tisa za mwanzo zimekwenda na maji. Mnaanza upya kutoka sifuri.

Na kulikuwa na tatizo la pili. Kila ukipandisha tabaka jipya, yale ya chini yanafifia na mchakacho unaongezeka. Kwa hiyo walianza na vitu visivyo na umuhimu sana, na sauti kuu ya Mary ikaja mwishoni ili iwe safi. Maana yake nini? Maana yake mtu aliyebeba mzigo wa kutoharibu kazi ya saa nyingi alikuwa Mary. Alipaswa kukumbuka kila sauti aliyoiweka nyuma, apumue pale pale, amalize neno kwa wakati ule ule na ile Mary ya kwanza, ya pili na ya tatu. Bila kompyuta ya kunyoosha sauti. Bila kitufe cha kurudi nyuma. Mazoezi ya kanisani hayo ndugu zangu, hakuna uchawi.

Tena aliimba karibu sana na maiki. Waimbaji wengi wa enzi hizo walisimama mbali kidogo na maiki kama wanahutubia ukumbi. Mary alisogea mpaka karibu midomo iguse. Ndiyo maana ukisikiliza rekodi zake unahisi kama mtu anakuimbia sikioni. Leo kila msanii wa chumbani anaimba hivyo na anaona ni kawaida.

MWEZI UKAPANDA JUU

Mwaka 1951 ikatoka How High the Moon. Wimbo ulikuwepo tangu 1940, ulishapigwa na wengi. Wao waliurekodi kwenye nyumba ya kupanga huko Jackson Heights, mtaa wa Queens, New York, matabaka juu ya matabaka ya gitaa na sauti. Ulikaa namba moja Marekani kwa wiki tisa. Mwaka 1953 wakatoa Vaya con Dios, ukakaa namba moja wiki kumi na moja. Kati ya 1950 na 1954 walikuwa na nyimbo 16 zilizoingia kumi bora. Na zilirekodiwa nyumbani, wadau. Sebuleni, jikoni, bafuni kama mwangwi unahitajika. Makampuni makubwa yenye majengo ya ghorofa na mainjinia wa kuajiriwa yakawa yanafukuzana na mtu na mke wake.

Na tusidhani huku kwetu watu walikuwa wamelala. Miaka hiyo hiyo ya 1950 hapa Moshi kulikuwa na Frank Humplick na dada zake, Maria na Thecla. Gitaa moja, sauti tatu za ndugu wa damu zimeshikana kama zimegundishwa, na santuri zao zilisikika Tanganyika na Kenya yote. Tofauti ni kwamba wao walihitaji kuwa watatu na wote waimbe kwa pamoja mbele ya maiki. Mary angeweza kuwa hao watatu peke yake. Lakini msingi ni ule ule: masikio yaliyozoea kuimba pamoja na ndugu nyumbani. Ukizisikiliza rekodi za pande zote mbili utaona undugu wake.

JUKWAANI JE?

Sasa likaja tatizo ambalo wasanii wetu wanalijua sana. Wimbo una sauti kumi na mbili, jukwaani yupo mwimbaji mmoja. Wasanii wa leo wanaweka sidii na kufuatisha midomo. Wao walifanyaje? Mwanzoni walimficha dada yake Mary nyuma ya jukwaa na maiki yake, anaitikia, watazamaji wanatafuta sauti inatoka wapi hawaioni. Teh teh teh! Baadaye Les akatengeneza kifaa alichokiita Les Paulverizer, cha kuendeshea mashine ya tepu akiwa hapo hapo jukwaani na gitaa lake.

Na Mary hakuwa pambo. Kulikuwa na mchezo wao: Les anapiga kipande kigumu, Mary anakirudia kwa gitaa lake vile vile. Anaongeza ugumu, Mary anarudia tena huku anatabasamu. Watu walilipa kuona hivyo.

NYUMBA ILIYOGEUKA KIWANDA

Walipopata hela walihamia nyumba kubwa huko Mahwah, jimbo la New Jersey, studio ikiwa ndani. Kuanzia 1953 wakawa na kipindi kifupi cha televisheni, dakika tano tano, kilichodhaminiwa na dawa ya kusukutulia mdomo ya Listerine. Kipindi kilionyesha maisha yao nyumbani: Mary na shughuli za nyumba, Les na mitambo yake, halafu wimbo. Watazamaji wakaona ndoa tamu isiyo na doa.

Jaribuni kulifikiria hilo vizuri. Mahali unapolala ndipo unapofanyia kazi. Mume wako ndiye prodyuza wako, ndiye injinia, ndiye meneja. Ukitoka studio hutoki popote, umeingia jikoni. Na jikoni nako kuna kamera. Juu ya hapo kuna safari za maonyesho zisizoisha. Novemba 1954 Mary alijifungua mtoto kabla ya wakati, na mtoto huyo akafariki baada ya siku chache. Kazi ikaendelea.

Mwaka 1957 ikaingia ndani ya nyumba ile mashine ya maajabu. Ampex waliitengeneza kwa oda ya Les, traki nane, kila moja inajitegemea, na unaweza kurekodi mpya huku unasikiliza za zamani kwa wakati sahihi. Ilimgharimu kama dola 10,000, hela ya kununulia nyumba wakati ule. Wakaiita Octopus, yaani pweza, kwa ile mikono yake minane. Chai ya maziwa ikawa imekwisha: sasa kuna vikombe vinane kwenye sinia, kila kimoja na chake. Programu zote mnazotumia leo ni wajukuu wa pweza yule.

Kinachouma ni kwamba pweza alifika watu wakiwa wameshachoka. Rock and roll ilikuwa imeingia, vijana wanamtaka Elvis Presley. Mwaka 1958 wakahamia kampuni ya Columbia, mambo hayakurudi. Mashine ilizidi kuwa nzuri, nyimbo zikazidi kushuka. Mtambo bora kabisa duniani ulikuwa sebuleni kwao, lakini ile njaa ya mwaka 1951 haikuwepo tena, na mwimbaji alikuwa amechoka. Mary alitaka kupumzika na kulea watoto. Les alitaka kazi iendelee. Pombe ikaingia kwenye maisha ya Mary. Mwaka 1963 akaondoka, na Desemba 1964 ndoa ikavunjwa rasmi.

BAADA YA HAPO

Mary alirudi California, kwao. Mwaka 1965 akaolewa tena, na mtu aliyefahamiana naye tangu enzi za shule. Aliendelea kuimba mara moja moja, ikiwemo pamoja na dada zake, kama alivyoanza. Sauti nyingi kutoka kwa watu wengi, sio sauti nyingi kutoka kwenye utepe. Alifariki Septemba 30, 1977, baada ya kuugua, akiwa na miaka 53.

Les aliishi mpaka Agosti 2009, akafikisha miaka 94, akiendelea kupiga kila Jumatatu kwenye klabu huko New York hadi mwaka huo huo. Mwaka 1988 aliingizwa kwenye jumba la heshima la rock and roll. Mwaka 2005 akaingizwa kwenye lile la wavumbuzi. Aliingia peke yake. Anastahili, hakuna ubishi. Lakini ile santuri ya How High the Moon iliyopewa heshima ya Grammy mwaka 1979, ukiitoa sauti ya Mary, kinabaki nini? Linabaki onyesho zuri la fundi.

TUJIFUNZE NINI SISI WA VYUMBANI

Nina mambo matatu tu, halafu nawaachia uwanja.

Kwanza, mazoezi. Mary na Les walipanga kila sauti kichwani kabla ya kubonyeza chochote kwa sababu kosa moja lilikuwa linafuta kila kitu. Sisi tuna traki mia na bado tunaingia studio hatujui sauti ya pili inaanzia wapi. Jaribuni siku moja kujiwekea sheria: traki nane tu, na hakuna kukata kata. Mtaona nani anajua kuimba.

Pili, nyumba ni nyumba. Kama unarekodi chumbani na mchumba wako au ndugu yako, wekeni saa ya kufunga. Ukizima mitambo, zima kweli. Mtu sio maiki, kwamba ukimaliza unamning'iniza hapo mpaka kesho.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: majina. Hapa kwetu kuna madada wametoka kwaya za usharika, wameimba viitikio vya ngoma ambazo mtaa mzima unaziimba, wamepewa soda na nauli ya daladala, na jina la wimbo linabaki la msanii na prodyuza basi. Capitol ya mwaka 1951, pamoja na ubepari wake wote, iliandika Les Paul na Mary Ford kwenye lebo. Majina mawili. Sisi tunashindwaje kuandika jina la dada wa watu kwenye maelezo ya wimbo? Haligharimu hata shilingi. Na kama ngoma inaingiza hela, mgao wake uandikwe kwenye karatasi siku ile ile ya kurekodi, sio baada ya ugomvi.

Kwa hiyo maprodyuza wa Masama, Machame na Moshi mjini, mpira uko kwenu. Chukua ngoma yako ya mwisho uliyoitoa, tuwekee hapo chini nani aliimba kiitikio. Jina kamili, na usharika au mtaa anaotoka kama mwenyewe amekubali. Tukipata hata majina ishirini, nitayapandisha juu yasomwe na wote.

Maoni ruksa, matusi hapana. Tuko pamoja.